Ilani ya Dirisha Lisiloganda

Sisi tunaoandika, tunaoweka na tunaorekebisha programu za kompyuta katika mwambao wa Kilifi, kutoka Mtwapa hadi Malindi na kutoka Malindi hadi Marereni, tumekubaliana juu ya neno moja na leo tunalitangaza: kazi ya kompyuta yaweza kuchelewa, lakini dirisha lililo mbele ya mtu halina ruhusa ya kuganda.

Harakati hii imeundwa kwa ajili ya neno hilo. Yafuatayo ni sababu zetu, ahadi zetu na madai yetu.

Hali tunayoikataa

Ni saa tatu asubuhi kwenye dawati la mapokezi na foleni imeshafika mlangoni. Karani anamuuliza mama jina la mtoto, analiandika, anabofya Tafuta. Mshale wa kipanya unageuka kiduara kinachozunguka. Sekunde chache baadaye dirisha zima linafifia na kuwa jeupe, na pale juu penye jina la programu panaongezwa maneno ya Kiingereza ya kusema kwamba programu haijibu.

"Ngoja kidogo mama, sistimu imekwama."

"Haya mwanangu."

Tazama karani huyo amenyang'anywa nini. Ameona kwamba ameandika Kazo badala ya Kadzo, lakini hawezi kufuta. Nambari ya kadi aliyokuwa akiisoma kwenye kioo imepotelea kwenye ule weupe. Hawezi kughairi, wala hawezi kumhudumia anayefuata. Kilichobaki mkononi mwake ni kipanya, basi anabofya tena, na tena. Mwishowe anaizima programu kwa nguvu, na yote aliyokuwa amejaza bila kuhifadhi yanakwenda nayo.

Mambo ni yaleyale kwenye dirisha la malipo la chama cha akiba na mikopo, kwenye duka la dawa, kwenye mapokezi ya hoteli msimu wa wageni, na kwenye ofisi ya shule siku ya kuchapa ripoti za wanafunzi. Watu wamezoea, hata wamelitafutia tatizo wa kumlaumu: mtandao, umeme, kompyuta kuukuu, au yule aliyebofya. Sisi tunaoandika programu tunaijua sababu yenyewe. Tukinyamaza, tumeshiriki.

Kuganda ni kazi ya mikono yetu

Programu yenye dirisha huishi kwa foleni. Kila kibofyo, kila herufi, kila ombi la kuchora upya kipande cha dirisha huingia kwenye foleni hiyo, na uzi mmoja wa programu, yaani mfululizo mmoja wa amri zinazotekelezwa, tunaouita uzi wa dirisha, huvichukua kimoja baada ya kingine na kuvitimiza. Uzi huo ukirudi kwenye foleni upesi, mtu huiona programu iko hai. Ukipewa kazi ndefu, foleni hujaa bila wa kuihudumia. Windows ikiona dirisha limekaa sekunde 5 bila kuchukua chochote kwenye foleni yake, hulihesabu kuwa halijibu na kuweka picha iliyofifia mahali pake. Android nayo ina mpaka huohuo wa sekunde 5 kwa programu isiyoitikia mguso.

Sasa ziangalie amri zilizo nyuma ya kitufe cha Tafuta jinsi wengi wetu tulivyozoea kuziandika. Mstari wa kwanza unafungua muunganisho na seva. Wa pili unatuma swali na kungoja jibu. Wa tatu unajaza jedwali. Yote mitatu hutekelezwa na uzi wa dirisha. Seva ikiwa meza ya pili, yote yameisha kabla mtu hajainua kidole. Lakini seva isipopatikana, Windows kwa kawaida huendelea kujaribu kufungua muunganisho kwa takriban sekunde 21 ndipo ikubali kushindwa. Sekunde 21 dhidi ya 5: dirisha limekufa machoni pa karani na mstari wa kwanza bado haujaisha. Hapo hakuna kilichoharibika. Programu imefanya sawasawa na ilivyoandikwa.

Katika chombo cha baharini, aliyeshika usukani hauachi akashuka chini kukumba maji, hata maji yawe mengi namna gani. Hutuma mabaharia, naye hubaki akitazama tanga na mawimbi. Uzi wa dirisha ndio mshika usukani. Kusoma faili kubwa, kuuliza hifadhidata, kuitafuta printa iliyozimwa, kupakia picha, kupiga hesabu za mwisho wa mwezi, hizo ni kazi za mabaharia, na lugha tunazotumia kuandikia programu zinatupa mabaharia wa kutosha.

Pwani hii na ucheleweshaji wake

Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipanda hadi setilaiti na kushuka, na safari hiyo ya kwenda na kurudi peke yake ilizidi nusu sekunde. Nyaya zimepunguza kero, hazikuiondoa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja, na mtandao ukazorota Kenya na kwa majirani zake. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima. Anayeandika programu ya kutumiwa Ganze au Magarini huku akidhani kwamba mtandao hautakatika, huyo anawaandikia watu wa mahali pengine.

Hata mtandao ukiwa mzima, umbali upo. Swali linalotoka hapa kwenda kwa seva iliyoko Ulaya na kurudi huchukua takriban milisekunde 150. Programu inayouliza maswali madogo 200, moja baada ya jingine, itamaliza sekunde 30 njiani tu, kabla ya kuhesabu muda wa seva kutafuta majibu. Aliyeiandika akiwa na seva ndani ya kompyuta yake mwenyewe hakuwahi kuziona sekunde hizo. Anaziona karani.

Tena kuna majina. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi, na majina yetu hurudi kizazi baada ya kizazi, mjukuu akaitwa kwa babu yake. Kazungu, Charo, Katana, Karisa, Kahindi, Kadzo, Sidi, Dama. Fatuma, Ali, Mohamed, Khadija. Jina moja huandikwa kwa tahajia mbili au tatu. Kumtafuta mtu kwa jina hapa kwetu ni kupepeta wengi wanaofanana, kwa jina la baba, kwa kijiji, kwa mwaka wa kuzaliwa. Mpango wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu wa Kilifi, ulioanzishwa mwaka 2000 chini ya KEMRI-Wellcome Trust, umekuwa ukiwafuatilia wakazi zaidi ya robo milioni katika eneo la kilomita za mraba 891, na kuoanisha kumbukumbu zao na za wagonjwa wa hospitali kuu ya Kilifi. Kazi ya namna hiyo ni nzito kwa asili yake, na hakuna anayeomba iwe nyepesi. Tunachoomba ni kwamba wakati kompyuta inapepeta, mtu aliyeketi mbele yake aendelee kuwa na kauli.

Elimu ipo, zana zipo

Mwaka 1968 Robert Miller wa IBM aliandika juu ya muda ambao mtu anaweza kungoja jibu la kompyuta kabla fikra zake hazijakatika. Mwaka 1985 Brad Myers alionyesha kwamba watu huipendelea programu inayowaambia kazi imefika wapi. Mwaka 1993 Jakob Nielsen aliweka mipaka ambayo bado inafundishwa hadi leo: jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi limekuja papo hapo; likija ndani ya sekunde 1, fikra zake hazikatiki; likipita sekunde 10, akili yake imeshakwenda kwingine.

Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikishuka mwezini, kompyuta yake yenye kumbukumbu ya kuandikia ya maneno 2,048 tu ilizidiwa na kazi. Ikatoa tahadhari nambari 1202, ikaziacha kazi za pembeni, ikaendelea na ile ya kutua. Iliweza kwa sababu waliotunga programu yake walikuwa wameamua mapema ni kazi gani haitangoja. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Chombo cha aina hiyo huizunguka dunia kwa karibu saa moja na nusu, na kituo kimoja cha ardhini hukipata kwa dakika chache tu katika mzunguko. Muda uliobaki hakisimami kungoja kuzungumziwa. Kinaendelea na kazi yake. Ikiwa mashine zilizorushwa mbele ya macho ya wavuvi wetu zaidi ya nusu karne iliyopita ziliundwa kwa kujua kwamba mawasiliano hukatika, programu ya duka la dawa la leo haina udhuru.

Zana nazo ni za zamani. Microsoft ilitoa BackgroundWorker mwaka 2005, Java ikaleta SwingWorker mwaka 2006, na C# ikapata async na await mwaka 2012. Qt ina ishara zinazovuka kutoka uzi hadi uzi kwa foleni. Hata Tkinter ya Python, anayoanza nayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ina njia ya kuuambia uzi wa dirisha urudi baadaye kutazama kama matokeo yamefika. Lililokosekana ni sisi kuamua.

Ahadi zetu

Kwanza, uzi wa dirisha hautangoja. Faili, seva, hifadhidata, printa au hesabu ndefu, chochote kinachoweza kuzidi milisekunde 50 kitapelekwa kwenye uzi wa pembeni. Na muda huo tutaupima kwenye kompyuta ya anayeitumia programu, yenye diski yake ya zamani na mtandao wake wa kusuasua.

Pili, wa kuligusa dirisha atakuwa mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Swing, Qt na Windows Forms zote zimeweka sharti hili: uzi wa pembeni hauandiki kwenye jedwali wala haubadili kitufe, huweka matokeo yake kwenye foleni, na uzi wa dirisha huja kuyachukua. Anayelivunja sharti hili huzaa programu inayofanya kazi vizuri Jumatatu na kuanguka Alhamisi, na hakuna wa kueleza kwa nini.

Tatu, kila kibofyo kitaitikiwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hatusemi matokeo yawe yamefika. Tunasema mtu aone kwamba amri yake imepokelewa: kitufe kibadilike, maneno yatokee, kazi ionekane imeanza.

Nne, tutasema kweli, na kwa Kiswahili. "Natafuta: nimepitia rekodi 12,000 kati ya 48,000." Tusipojua kiasi kilichobaki tutasema tunachokijua: "Nangoja jibu la seva, sekunde ya 8." Mstari wa maendeleo unaokimbia hadi asilimia 99 ukakaa hapo ni uongo, nasi hatutauandika. Taarifa hizo zitakwenda kwenye dirisha takriban mara kumi kwa sekunde, si zaidi, kwa sababu anayetuma taarifa kwa kila rekodi kati ya 48,000 huijaza foleni na kuligandisha dirisha lilelile alilotaka kuliokoa.

Tano, kila kazi inayozidi sekunde moja itakuwa na kitufe cha Ghairi, na kitufe hicho kitafanya kazi. Uzi wa pembeni utakuwa ukiuliza kila baada ya hatua kama umeambiwa usimame, na utasimama mahali salama. Kumbukumbu ama itaandikwa nzima ama haitaandikwa kabisa. Hapatakuwa na mgonjwa mwenye jina na asiyekuwa na tarehe ya kuzaliwa kwa sababu mtu alighairi katikati.

Sita, fedha hazitatoka mara mbili. Dirisha linapokwama, vibofyo vya mwanzo hubaki kwenye foleni, na likizinduka huenda vikatekelezwa vyote. Mhudumu aliyebofya Lipa mara tatu kwa wasiwasi huenda akawa amelipa mara tatu. Kwa hivyo kitufe cha malipo kitajifunga pale kinapobofywa, na kila amri ya malipo itapewa nambari yake kabla ya kuondoka. Seva ikiiona nambari hiyo tena, itarudisha jibu la kwanza na kuishia hapo.

Saba, kutafuta kutafuata mkono wa mtu. Hatutatuma swali kwa kila herufi. Herufi K peke yake, Kilifi, ni umati wa watu. Programu itangoja vidole vitulie kwa takriban milisekunde 300. Herufi mpya ikiingia, swali la zamani litaachwa, na jibu lake likichelewa kufika halitaruhusiwa kufunika jibu jipya, maana hapo ndipo karani hufungua faili la mtoto wa mama mwingine. Majina 50 ya kwanza yataonyeshwa mara moja, mengine yafuate akiyahitaji.

Nane, kilichoandikwa hakitapotea. Kitahifadhiwa kwanza kwenye kompyuta ileile, kisha kitumwe kwa seva mtandao utakapopatikana, na mtu ataona wazi kipi kimeshafika na kipi bado kinangoja. Umeme ukizimika katikati ya fomu, fomu itafunguka ilipoachiwa.

Tunayoyakataa

Tunaikataa njia ya mkato ya kuuingiza uzi wa dirisha kwenye foleni katikati ya kazi ndefu ili dirisha lipate pumzi. Waliotumia Visual Basic wanaijua. Dirisha huonekana hai, lakini mtu akibofya kitufe kilekile, kazi ya pili huanzia juu ya mgongo wa ile ya kwanza, na zote mbili hugombania data moja.

Tunakataa kauli ya "nunueni kompyuta mpya." Kompyuta yenye kasi maradufu ikipewa kungoja seva isiyojibu, itangoja zile sekunde 21 zilezile.

Tunakataa kulaumu mtandao kwa kosa la programu. Mtandao ukikatika, kazi ya programu ni kusema "Mtandao umekatika, nimehifadhi, nitatuma baadaye." Hilo linahitaji mistari michache ya msimbo na mwandishi anayejali.

Na tunakataa kuhimizwa subira. Subira ni fadhila ya mtu mbele ya Mola wake na mbele ya wenzake. Haikuwekwa iwe kificho cha programu mbovu. Mama aliyetoka Bamba alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni ameshatoa subira ya kutosha kabla hajalifikia dawati.

Tunayoyadai

Kwa serikali ya kaunti, hospitali, vyama vya akiba na mikopo, shule na hoteli: msilipie programu kabla hamjaifanyia jaribio hili, ambalo halihitaji mtaalamu. Ifungue programu, tafuta jina, kisha uchomoe waya wa mtandao kazi ikiwa katikati. Lishike dirisha kwa kipanya uliburute kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine. Lifunike kwa dirisha jingine, kisha ulifunue. Bofya Ghairi. Andika kitu kwenye fomu, zima kompyuta kwa ghafla, iwashe tena. Dirisha likiburutika, likichorwa upya, likaghairi, na maandishi yakawapo, lipeni. Likiganda, mrudishieni mwandishi wake, hata awe mmoja wetu. Jaribio hilo liandikwe kwenye zabuni na kwenye mkataba, liwe sharti la malipo ya mwisho.

Kwa vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na vyuo vya ufundi vyote vya kaunti: mwanafunzi asifuzu somo la programu za madirisha kabla ya kuandika programu inayofanya kazi ya sekunde 30 huku dirisha lake likibaki hai. Afundishwe mapema, asije akajifunzia kwenye dawati la hospitali.

Kwa makarani, wauguzi, wahasibu na wahudumu: msikubali kuambiwa kwamba mmebofya vibaya. Programu ikiganda, andikeni saa, kitufe mlichobofya na mlichokuwa mkitafuta, mkampe aliyeiandika. Karatasi hiyo inatufaa kuliko malalamiko ya mwaka mzima, maana inatuonyesha mstari wa kurekebisha.

Wito

Kujiunga na harakati hii hakuna ada wala fomu. Anayeandika programu anajiunga kwa kazi: achague programu yake moja inayotumiwa leo mahali popote kati ya Mtwapa na Marereni, au bara hadi Mariakani na Kaloleni, aihamishe kazi ndefu kutoka uzi wa dirisha, aweke Ghairi inayoghairi, kisha amwite mwenzake ampe waya achomoe. Mwenzake akishuhudia kwamba dirisha halikuganda, amekuwa mmoja wetu, na zamu ya mwenzake imefika. Alichojifunza akiweke wazi ili wengine wakichukue bila malipo, kwa sababu karani wa Malindi na karani wa Rabai wanangoja kwa sababu moja.

Hatuahidi programu zisizochelewa. Tunaahidi kwamba hakuna mtu katika pwani hii atakayekaa mbele ya kazi ya mikono yetu asijue inafanya nini, asiweze kuisimamisha, na asiwe na la kumwambia aliyesimama mbele yake. Ukikubali, anza kesho asubuhi na kitufe kimoja: kile kinachobofywa kuliko vyote katika programu yako.